Haki ya Mvuvi Mnyonge na Mila za Maji

Ndugu Waislamu, wake kwa waume, na hasa ninyi vijana mnaochipukia, katika Sura ya Al-Kahf, ambayo wengi wetu huisoma kila Ijumaa, mna habari ya jahazi lililokuwa mali ya maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini. Mbele ya safari yao palikuwa na mfalme aliyenyang'anya kila chombo kizima, na yule mja mwema aliyefuatana na Nabii Musa, ambaye wanavyuoni wengi wamesema ni Nabii Khidhr, akalitoboa jahazi lile ili mfalme alione bovu aliache. Twaisoma habari hii kwa kutaka thawabu, nalo ni jambo jema. Lakini ni wachache wanaotua wakajiuliza kwa nini Mwenyezi Mungu ametupa mfano wa watu wa chomboni walio maskini, na mwenye nguvu aliyewavizia njiani. Hapana shaka ni kwa kuwa jambo hilo halikwisha siku ile. Maskini wa majini wangalipo, na wenye kuvizia vyombo vyao hawajatoweka.

Mimi nafundisha watoto katika Gorong'a, kata ya Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara. Huku kwetu si nchi ya bahari. Wenyeji wetu Wakuria ni watu wa ng'ombe na mashamba, na Waislamu tu wachache. Walakini Mto Mara, unaozigawa wilaya za Tarime na Serengeti, wateremka hata Ziwa Victoria, na samaki wa mtoni na wa ziwani ndiye kitoweo cha nyumba nyingi. Yeye ni chakula cha yatima na mjane kabla hajawa bidhaa ya tajiri. Kwa hiyo shauri la mvuvi mdogo, mwenye mtumbwi mmoja na nyavu chache, si lake peke yake. Ni shauri la kila chungu kinachopikwa. Nami nataka katika kurasa hizi tutazame mambo mawili: ni nini haki yake katika maji, na ni nini kazi ya mila za wazee waliomtangulia katika kuilinda haki hiyo.

MAJI NI YA NANI?

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Wako wanaosikia mafundisho haya wakadhani maana yake ni kwamba kila mtu aingie majini afanye apendavyo. Hiyo si maana yake. Shirika lolote lina masharti, na mshirika aharibuye mali ya shirika amewadhulumu wenziwe.

Mtume mwenyewe alitenga mahali paitwapo Naqii, karibu na Madina, pawe malisho ya farasi wa Waislamu, wala mtu mwingine asipaingie. Malisho yaliyotengwa namna hiyo kwa maslaha ya wote huitwa hima. Tena wanavyuoni wa Sheria wanajua kitu kiitwacho harim, yaani eneo lililo kando ya kisima au mto ambalo halimilikiwi na mtu wala haliharibiwi, ili maji yabaki salama kwa wote. Basi Uislamu umeweka mambo mawili pamoja: maji hayana mwenyewe wa kuwanyima wengine, lakini yana walinzi.

Na walinzi hao wamlinde nani kwanza? Jawabu tumeachiwa na Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.). Alipomweka mtumishi wake Hunayy kuwa msimamizi wa malisho yaliyotengwa, alimwagiza aiogope dua ya aliyedhulumiwa, na amruhusu kuingia mtu mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, lakini ajihadhari na makundi makubwa ya Ibn Auf na Ibn Affan. Ibn Auf na Ibn Affan walikuwa masahaba wakubwa wenye utukufu wao, hapana asiyewajua. Lakini Umar alieleza sababu yake: hao, wanyama wao wakifa, wanayo mitende na mashamba ya kurejea, ama yule mnyonge, wanyama wake wakifa, atakuja na watoto wake wakilia mbele ya Amiri wa Waumini. Tena akakiri kwamba nchi ile ni ya wenyeji wake, waliipigania katika siku za ujahili na wakasilimu wakiwa juu yake.

Tazameni, ndugu zangu, jinsi maneno hayo yalivyokusanya shauri zima. Kwanza, pana mahali panapofungwa kwa ajili ya wote. Pili, mlango ukifunguliwa, mnyonge hutangulia. Tatu, mwenyeji wa asili haki yake yatambuliwa hata na mtawala aliyeshika amri. Mambo matatu haya ndiyo ambayo wavuvi wadogo wa dunia nzima wanayaomba hata leo.

MILA ZA WAZEE KATIKA MAJI

Wazee wetu wa mwambao na wa maziwa hawakuwa na vitabu vya sheria za uvuvi, lakini hawakuishi kama samaki ambao mkubwa humla mdogo. Kila mji wa pwani ulikuwa na diko lake, na kila diko lilikuwa na wakuu wake. Wavuvi wa Kojani huko Pemba, ambao sifa yao ya uvuvi yajulikana mwambao mzima, tangu zamani hufunga safari kwenda dago, wakakaa ugenini wiki au miezi kwa kufuata samaki na pepo za kusi na kaskazi. Na adabu ya dago ni mgeni kujitambulisha kwa wakuu wa mji, akaelezwa palipo na ruhusa na pasipo na ruhusa. Bahari ni pana, lakini hodi hupigwa.

Katika Ziwa Victoria kadhalika, ukoo uliokaa ufukoni ndio uliotazamwa kuwa na neno juu ya maji yaliyo mbele yake na juu ya mwalo wake, ambao Wajaluo huuita wath. Na hapa kwa Wakuria, ijapokuwa mila yao kubwa ni ya ardhi na mifugo, wanalo baraza la wazee liitwalo inchama, na mkutano wa watu wote uitwao iritongo, ambamo neno hukatwa mbele ya kadamnasi na mvunjaji hutozwa. Hakuna karani wala muhuri, lakini mtu huogopa kuvunja, kwa sababu waliokata neno ni wale wale atakaowahitaji siku ya msiba wake.

Na faida ya mila hizi si adabu tu. Mvuvi aliyezaliwa mahali huyajua maji kama mkulima alijuavyo shamba. Anajua samaki wanazalia wapi, mwezi gani wanakonda na mwezi gani wananona, ni chombo gani kinachochagua wakubwa na kipi kinachokumba hata vifaranga. Dema na mshipi havimalizi bahari. Lakini utupa ukitiwa dimbwini, wakubwa kwa wadogo huelea pamoja, na kesho dimbwi ni tupu.

Hapa yafaa kukumbuka habari ya watu wa ule mji wa pwani iliyotajwa katika Sura ya Al-Aaraf. Walikatazwa kuvua siku ya Sabato, na siku hiyo hiyo ndiyo samaki walipowajia juu juu. Wafasiri wametueleza kwamba walifanya hila: wakatega mitego kabla ya siku ile, wakaja kuwatoa samaki baada yake, wakisema hatukuvua. Watu wa mji ule walikuwa makundi matatu: waliofanya hila, waliokataza, na walionyamaza wakasema ya nini kuwaonya hawa? Na Qur'ani imetuhakikishia kuokoka kwa wale waliokataza. Kila mahali panapofungwa uvuvi kwa muda, makundi haya matatu hutokea tena, na kila mtu hujua nafsini mwake yumo katika lipi.

JINSI ZIWA LILIVYOPOTEZA WALINZI WAKE

Mabadiliko ya Ziwa Victoria ni funzo la wazi. Nyavu za kiwandani ziliingia ziwani mnamo 1905, na samaki aitwaye ngege, aliyekuwa fahari ya ziwa hilo, akaanza kuvuliwa kwa wingi usiojulikana zamani. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu wa Kiingereza, Michael Graham, alilichunguza ziwa akashauri kwamba tundu la wavu lisiwe chini ya inchi 5. Amri ikatolewa. Lakini amri ile ilitoka ofisini. Haikupita kwa wazee wa mialo. Wavuvi walipoona samaki wanapungua, walitafuta nyavu za tundu dogo zaidi, na serikali za Uganda na Tanganyika zikaiondoa amri ile mwaka 1956, na Kenya mwaka 1961.

Ama ningu, yeye aliangamia kwa njia nyingine. Samaki huyu, mvua zikinyesha na mito ikifurika, hutoka ziwani akapanda mtoni kutaga mayai. Nyavu ziliwekwa katika vinywa vya mito, zikamzuia mama kabla hajafika kwenye uzazi wake. Katika miaka ya 1950 na 1960 wingi wake ukaporomoka. Hili laweza kufahamika hata kwa mtoto wa chuoni: ukimkamata kila kuku anayekwenda kuatamia, mwaka ujao utakula nini?

Kisha akaletwa sangara. Alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na kufika miaka ya 1980 alikwisha kulijaza ziwa, akawala furu hata aina nyingi kati yao zikatoweka. Viwanda vikajengwa Mwanza, Musoma, Kisumu na Entebbe, na minofu ikaanza kusafirishwa kwa ndege hadi Ulaya. Hatusemi kwamba sangara hakuleta fedha. Alileta, na wengi walijenga nyumba na kusomesha watoto kwa sababu yake. Lakini fedha hiyo ilibadili uhusiano wa watu. Zamani mvuvi alikuwa na mtumbwi wake na mwalo wa ukoo wake. Sasa mamia kwa maelfu wakawa vibarua katika vyombo vya matajiri wasiokaa mwaloni. Tajiri hutoa mashine, nyavu na mafuta. Gharama hukatwa kwanza, na mgawo wa wavuvi huja nyuma. Usiku chombo kikizama, aliyezama ni kibarua.

Serikali za nchi tatu ziliona kwamba askari peke yao hawawezi kulinda ziwa lenye eneo la kilomita za mraba 68,800, lenye wavuvi wapatao 200,000. Mwaka 1994 zikatia sahihi mapatano ya kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, na tangu mwisho wa miaka ya 1990 Tanzania ikaanzisha vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, ambavyo watu huviita BMU. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ikavitambua. Katika maana yake, jambo hili ni kurudia kwa mlango mwingine yale waliyokuwa wakiyafanya wazee: wakaao mwaloni ndio walinde mwalo. Na pale vikundi hivyo vilipochagua watu waaminifu, vilifaa. Lakini pale viongozi walipogeuka kuwa watoza ushuru na wapokeaji wa bahasha za wenye kokoro, watu walivikata tamaa. Mwaka 2018 operesheni ya serikali ilipoteketeza nyavu haramu kwa wingi, wavuvi wadogo walilalamika kwamba mkono wa sheria ulikuwa mzito juu yao. Na kweli ni kwamba nyavu haramu ni haramu. Walakini ni kweli pia kwamba ulinzi unaotoka mbali mara nyingi hufika baada ya uharibifu, ukamkuta mnyonge peke yake ufukoni.

Liko jambo jingine la kuangaliwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inatambua haki ya kimila ya mwanakijiji juu ya shamba lake, na aweza kupewa hati. Lakini maji aliyovua babu yake hayana hati. Anachopewa mvuvi ni leseni ya mwaka, na leseni haimwambii tajiri wa mbali kwamba hapa pana watu. Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa zilikubali mwongozo maalum juu ya uvuvi mdogo, ambao unazitaka serikali ziheshimu haki halali za wavuvi wadogo, pamoja na zile za mila. Mwongozo huo ni wa hiari. Umar aliyamaliza hayo kwa agizo moja kwa mtumishi wake, kwa kuwa alimuogopa Mola wake.

KISIWA CHA MISALI

Msiseme kwamba haya hayawezekani. Yamewahi kufanywa, na yalifanywa na Waislamu wenzetu.

Magharibi ya Chake Chake, Pemba, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Misali, chenye eneo la kama kilomita moja ya mraba, chenye matumbawe mazuri na samaki wa namna nyingi. Wavuvi wa Pemba wakitegemea tangu zamani, na zaidi ya watu elfu moja kutoka vijiji vingi wakipata riziki katika maji yake. Wazee wao husimulia kwamba Nabii Khidhr alifika hapo, akawaomba wavuvi msala apate kusali. Hawakuwa nao, naye akasema kisiwa chenyewe ndicho kitakuwa msala wake. Ndiyo asili ya jina, kwa mujibu wa masimulizi hayo. Ukweli wa masimulizi aujua Mwenyezi Mungu. Lakini yamewafanya watu wa Pemba wakitazame kisiwa kile kwa heshima, na ajabu ni kwamba anayetajwa ni yule yule ambaye wanavyuoni wamemtaja katika habari ya jahazi la maskini.

Katika miaka ya 1990 lilizuka shauri la kukikodisha kisiwa hicho kwa wenye kutaka kujenga hoteli ya watalii. Wavuvi walikataa. Hawakuwa na mawakili wakubwa; hoja yao ilikuwa kwamba hapa ndipo tunapovua, na hapa ndipo walipovua baba zetu. Shauri la hoteli likaanguka, na mwaka 1998 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikakitangaza kisiwa pamoja na maji yake kuwa eneo la hifadhi. Wavuvi hawakufukuzwa. Sehemu ndogo ya maji ilifungwa kabisa ili samaki wapate pa kuzalia, na iliyobaki wakaendelea kuvua kwa zana zisizoharibu, na chama cha wavuvi wenyewe kikashiriki katika usimamizi. Mwaka 2005 Misali ikaingizwa ndani ya hifadhi kubwa zaidi ya Mkondo wa Pemba.

Hata hivyo kutangaza ni kitu kimoja, na kutii ni kingine. Wako walioendelea kutumia baruti na nyavu za kukokota. Mnamo mwaka 1999 taasisi ya Kiislamu ya Uingereza iliyoanzishwa na Bwana Fazlun Khalid, ikishirikiana na shirika la CARE na watu wa Zanzibar, ikaja na njia nyingine: kuwakusanya maimamu, walimu wa madrasa na wavuvi, wakaketi na Qur'ani wakatafuta ndani yake habari za ukhalifa wa mwanadamu katika ardhi, mizani aliyoiweka Mwenyezi Mungu, na kukatazwa kwa ufisadi wa nchi kavu na bahari. Khutba zikazungumza juu ya matumbawe. Na wavuvi waliosikia walieleza kwamba sheria ya serikali mtu huikwepa doria ikiisha kupita, lakini hapana awezaye kukwepa sheria ya Mola wake hata akiwa peke yake majini usiku.

Misali si pekee. Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi huko Kenya, wazee wavuvi waliochoka kuona bahari yao ikifa walifunga sehemu yake mwaka 2005 wakaiita tengefu, na samaki wakarudi. Mwaka 2017 walipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa kazi hiyo. Katika Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wamekuwa wakifunga sehemu za miamba yao kwa miezi michache pweza wapate kukua, kisha wakaifungua siku moja iliyotangazwa. Ni desturi waliyoianza watu wa Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004. Pweza haishi sana, lakini hukua upesi, na miezi mitatu ya subira huongeza uzito wake maradufu na zaidi. Na wanaofaidika kwa pweza kwa wingi ni wanawake, ambao huenda mwambani kwa miguu maji yakitoka, pasi na chombo wala mashine.

SI KILA MILA NI NJEMA

Huenda msomaji akasema: Mwalimu, watusifia mila, na katika mila mna ushirikina. Hayo ni kweli, wala hatuyafichi. Ziko pwani zilizokuwa na mizimu, na wazee waliochinja kafara kwa pepo wa bahari ili samaki waje. Hayo Uislamu umeyakataa, na Muislamu hana ruhusa kumwomba asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Lakini wanavyuoni wa fiqhi wameweka kanuni ijulikanayo kwamba desturi ni hakimu, maadamu haipingani na Sheria. Basi kazi yetu ni kupambanua. Mzee aliyesema mahali hapa pasivuliwe mwezi huu kwa sababu pepo amekasirika, alikosea katika sababu, lakini pengine alipatia katika mahali na mwezi. Tuiondoe kafara, na kufunga kubaki. Badala ya damu ya mbuzi mwambani, tusome dua msikitini, na sadaka wapewe maskini.

Kadhalika ziko mila za dhuluma. Mkuu wa diko anayeuza ruhusa kwa rushwa si mlinzi, ni mfalme yule wa Sura ya Al-Kahf aliyevaa kanzu. Na liko jambo ambalo haya yataka kutuzuia kulitaja, lakini kunyamaza ni dhambi kubwa zaidi. Katika baadhi ya mialo ya ziwa, hasa upande wa Nyanza huko Kenya, mwanamke mchuuzi hapewi samaki wa kuuza mpaka akubali kujitoa kwa mvuvi, ambaye kwa lugha ya huko huitwa jaboya. Mjane anayetafuta chakula cha watoto wake hurudi nyumbani na maradhi. Hiyo si desturi, ni unyang'anyi. Kikundi chochote cha mwalo kisichokomesha jambo hilo hakina haki ya kujiita walinzi wa kitu.

Na la mwisho katika hayo, mila isimfukuze mgeni mwenye adabu. Haki ya mwenyeji ni kutangulia na kupanga. Si kumnyima mpita njia riziki ambayo Mwenyezi Mungu ameisambaza.

MTO MARA NA JIRANI WA CHINI

Nirudi sasa katika maji yetu wenyewe. Mto Mara watoka katika misitu ya Mau, Kenya, ukapita mbuga za Maasai Mara na Serengeti, ukaja kupita kati ya wilaya zetu, kisha ukatanda katika vinamasi vikubwa kabla ya kuingia ziwani kwa njia ya daraja la Kirumi. Urefu wake wapata kilomita 395. Maana yake ni kwamba mvuvi wa kule vinamasini hunywa na huvua katika kile ambacho sisi sote wa juu tumekiacha kipite.

Mwezi wa Machi 2022 maji ya mto huo upande wa chini yaligeuka meusi, samaki wakafa kwa wingi wakaelea, na uvuvi ukazuiliwa kwa muda. Kamati iliyoundwa na serikali ilisema kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na majani yaliyooza vinamasini, vilivyomaliza hewa ya oksijeni majini. Wako waliolikubali neno hilo, na wengi walilitilia shaka wakasema mengine. Mimi si mtaalamu wa maji, wala sitaki kuhukumu. Lakini jambo moja halina ubishi: aliyepata hasara ni yule wa chini mwenye mtumbwi, naye siye aliyeulizwa kwanza.

Na juu ya watu wa mto tunalo fundisho la wazi. Zubair bin Al-Awwam (R.A.) na mtu mmoja katika Ansari waligombania maji ya mfereji, wakaenda kwa Mtume (S.A.W.). Akahukumu kwamba wa juu aanze kunywesha mimea yake, kisha ayaache maji yamfikie jirani yake. Haki ya wa juu imetambuliwa, na imewekewa mpaka. Tena imo kanuni kuu ya dini yetu kwamba hapana kudhuru wala kulipizana madhara. Mfugaji, mkulima, mchimbaji wa dhahabu, mwenye kiwanda, sisi sote tulio juu ni watu wa kauli hiyo. Anayekata miti ya ukingoni au kumwaga uchafu mtoni amevunja harim, hata kama hakuna askari aliyemwona.

YATUPASAYO KUTENDA

Ndugu zangu, makala haya yasiishie machoni. Kwanza, wenye nyumba. Mama aendaye sokoni ndiye hakimu wa mwisho wa uvuvi. Sangara aliye chini ya sentimita 50 sheria imemkataza kuvuliwa, na sato aliye chini ya sentimita 25. Samaki mdogo huuzwa kwa sababu yuko mnunuzi. Na samaki wa baruti na sumu, rahisi kwake bei si rehema.

Pili, wavuvi na watu wa mialo. Uchaguzi wa kikundi cha mwalo usidharauliwe. Msimpe uongozi mwenye mali nyingi kwa ajili ya mali yake, bali mwenye amana, kama mnavyomtafuta wa kuwasalisha. Mambo waliyokuwa wakiyafanya wazee, yaani mipaka, miezi na zana, yaandikwe katika sheria ndogo za kijiji zipite katika halmashauri, maana neno lisiloandikwa leo halisimami mbele ya mwekezaji.

Tatu, maimamu na walimu wenzangu. Yale ya Misali hayakuhitaji mimbari ya dhahabu. Khutba moja kwa mwaka juu ya maji, na somo moja kwa wanafunzi juu ya hima na harim, si mzigo mkubwa.

Nne, ninyi vijana. Babu zenu wavuvi wangali hai baadhi yao. Waulizeni majina ya miamba, majina ya pepo, na sababu ya kila katazo, myaandike kabla hawajaondoka. Kijana mwenye elimu ya shule akiunganisha na elimu ya babu yake atakuwa na hoja ambayo wala tajiri wala karani hataweza kuipuuza.

Na mwisho, wenye mamlaka. Tunawaombea, kisha tunawakumbusha ile amri ya Umar kwa Hunayy. Wakubwa wana mitende yao. Mnyonge ana maji haya tu. Naye akifungiwa, atakuja na watoto wake wakilia, na kilio hicho hakiishii mlangoni kwenu bali hupanda kwa yule asiyepitwa na kilio.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wale waliokataza uovu wakaokoka, atubarikie mito na maziwa yetu na bahari yetu, na awape wavuvi wetu riziki ya halali na marejeo ya salama. Amin.